Upachikaji wa Miundo na Nyuga Binafsi katika Lugha ya Programu Isiyo na Klasi: Mfano wa Kumbukumbu za Mito ya Uluguru

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna lugha ya programu ya Go, ambayo haina klasi, inavyounganisha miundo kwa njia ya upachikaji, na namna inavyolinda nyuga binafsi kwa mpaka wa kifurushi badala ya mpaka wa aina. Ufafanuzi umejengwa juu ya programu ndogo aliyoiandika mwandishi kwa ajili ya kutunza kumbukumbu za kina cha maji katika mito itokayo Milima ya Uluguru, pamoja na makosa aliyoyafanya ndani yake. Hoja inayotetewa ni kwamba upachikaji hauwezi kuelezwa kwa msamiati wa urithi bila kumpotosha msomaji, na kwamba upotoshaji huo una gharama inayoweza kupimwa kwa mita za ujazo za maji.

1.0 Utangulizi

Milima ya Uluguru ni sehemu ya Tao la Mashariki, na mji wa Morogoro umekaa chini ya miteremko yake ya kaskazini. Maji yashukayo huko hayaishii Morogoro. Mto Ngerengere hulijaza Bwawa la Mindu, ambalo ni tegemeo la wakazi wa manispaa, kisha huendelea hadi kuungana na Ruvu. Mto Mgeta nao huingia Ruvu, na Ruvu ndio unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayosafisha maji kwa ajili ya Dar es Salaam. Kwa hiyo, tarakimu inayosomwa asubuhi kwenye ubao wa vipimo uliosimikwa ukingoni mwa kijito cha Uluguru ni mwanzo wa hesabu ndefu. Tarakimu hiyo ikikosewa, kosa husafiri na maji.

Ubao wa vipimo ni kifaa rahisi: ubao uliochorwa alama za sentimita na kusimikwa wima mtoni. Msomaji wa ubao, ambaye kwa kawaida ni mkazi wa kijiji cha jirani, huandika kwenye daftari urefu ambao maji yamefikia. Urefu huo peke yake hauelezi kiasi cha maji yanayopita. Ili kupata mtiririko, wataalamu wa maji hupima kasi ya maji mara kadhaa katika vina tofauti, kisha hutafuta mlinganyo unaohusisha kina na mtiririko. Mara nyingi mlinganyo huo huwa wa kipeo: kina hupandishwa kwenye kipeo fulani, kisha huzidishwa kwa namba maalumu ya mahali hapo. Kwa sababu ya kipeo hicho, kosa dogo katika kina huwa kubwa zaidi katika mtiririko.

Programu inayojadiliwa hapa iliandikwa kwa ajili ya kazi hiyo tu: kupokea masomo ya ubao, kuyahifadhi, na kutoa jedwali la mitiririko. Mwandishi aliiandika akiwa amezoea Java, lugha iliyojengwa juu ya klasi. Tajiriba hiyo ndiyo iliyomponza.

2.0 Kuhusu istilahi

Maneno machache yanahitaji kuwekwa bayana. Dhana ya klasi ilipata umbo lake katika lugha ya Simula 67 iliyobuniwa na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard huko Norwei, na tangu hapo imekuwa msingi wa lugha nyingi. Makala haya yanatumia neno klasi kwa makusudi. Neno darasa humpeleka msomaji shuleni, na neno ngeli, ingawa linavutia, limekwisha kukaliwa na sarufi ya Kiswahili. Kulihamisha kungeleta mkanganyiko kwa wasomaji walewale ambao makala haya yanawalenga. Muundo ni mkusanyiko wa data zilizopewa majina, na kila data ndani yake ni uga (wingi: nyuga). Kitendo ni utaratibu uliofungamanishwa na aina fulani ya data, na data ambayo kitendo kinafanya kazi juu yake huitwa mpokeaji. Kifurushi ni kundi la mafaili ya msimbo yanayotafsiriwa pamoja, na kompaila ni programu inayoutafsiri msimbo huo kuwa maagizo ya mashine.

Kuhusu upachikaji, mwandishi amekutana na wanafunzi wanaouita urithi. Sehemu zifuatazo zinaeleza kwa nini jina hilo halifai.

3.0 Upachikaji

Lugha ya Go ilianza kubuniwa mwaka 2007 katika kampuni ya Google na Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson. Ilitangazwa hadharani mwezi Novemba 2009, na toleo lake la kwanza lenye ahadi ya uthabiti lilitoka mwezi Machi 2012. Wabunifu wake waliacha klasi kwa makusudi. Data hukaa katika miundo, vitendo huandikwa nje ya miundo, na uhusiano kati ya aina moja na nyingine haupangwi katika ngazi za mzazi na mtoto.

Hebu tuanze na kifurushi cha msingi:

    package kituo

    import "math"

    type Kipimo struct {
        Mto     string
        usomaji float64
        sifuri  float64
    }

    func (k *Kipimo) Kina() float64 {
        return k.usomaji + k.sifuri
    }

    func (k *Kipimo) Mtiririko() float64 {
        return 4.2 * math.Pow(k.Kina(), 1.6)
    }

Uga wa usomaji ni tarakimu iliyoandikwa daftarini kwa mita. Uga wa sifuri ni kimo cha alama ya sifuri ya ubao juu ya kiwango cha rejea kilichowekwa kituo kilipoanzishwa. Ubao ukiwa mahali pake pa awali, thamani yake ni 0. Namba 4.2 na 1.6 zimechaguliwa kwa ajili ya mfano tu. Si za mto wowote halisi.

Sasa muundo mwingine, katika kifurushi kingine, unaweza kuupachika muundo huo kwa kuutaja bila kuupa jina la uga:

    package mafuriko

    type KituoKipya struct {
        kituo.Kipimo
    }

Kwa tangazo hili, data ya aina ya KituoKipya inabeba ndani yake Kipimo kizima. Jambo linalouvutia ukucha na kidole cha mwandishi wa programu ni kwamba nyuga na vitendo vya Kipimo vilivyo wazi hupandishwa: mtu anaweza kuandika m.Mto au m.Mtiririko() kana kwamba vimetangazwa katika KituoKipya chenyewe. Kompaila ikikutana na jina, hulitafuta kwanza katika muundo wa nje. Isipolipata, hushuka ngazi moja hadi kwenye miundo iliyopachikwa, na kadhalika. Jina lililo karibu zaidi na juu ndilo linaloshinda. Majina mawili yakilingana katika kina kimoja, hakuna linaloshinda, na kompaila hukataa pale tu jina hilo linapotumiwa.

Mtu aliyetoka Java akiona hayo husema: huu ni urithi, KituoKipya ni mtoto wa Kipimo. Sivyo. Upandishaji ni ufupisho wa maandishi. Mtu anapoandika m.Mtiririko(), kompaila huisoma kuwa m.Kipimo.Mtiririko(), na mpokeaji wa kitendo hicho ni Kipimo kilicho ndani, si KituoKipya kilicho nje. Kipimo hakijui kwamba kimepachikwa popote. Hakina njia ya kuuliza ni nani amekibeba.

Hapa Uluguru yenyewe inatupatia mfano. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na kwa desturi ardhi ilikuwa ya ukoo, lukolo, chini ya usimamizi wa mkuu wake. Mfumo huo ulielezwa kwa kirefu na Roland Young na Henry Fosbrooke katika kitabu chao cha mwaka 1960. Mtu asiye wa ukoo aliweza kupewa ruhusa ya kulima, akitoa malipo madogo yaliyoitwa ngoto kama ishara ya kuwatambua wenye ardhi. Mlimaji huyo alipanda, akavuna, na majirani wakaliita shamba kwa jina lake. Lakini swali la mpaka lilipozuka, aliyejibu ni mkuu wa ukoo, kwa kanuni za ukoo. Upachikaji una sura hiyo: muundo wa nje unaonekana kuwa na shamba, unavuna matokeo yake kwa jina lake, ilhali anayejibu ndani ni mwenye shamba. Mfano huu una kikomo, kwa kuwa wenye ardhi waliwajua wapangaji wao kwa majina, na Kipimo hakimjui aliyekibeba.

4.0 Kosa la sifuri

Katika masika mojawapo, mafuriko yaling'oa ubao wa vipimo katika kimojawapo cha vituo ambavyo kumbukumbu zake zilikuwa mikononi mwa mwandishi. Ubao ulisimikwa upya, ukawa juu zaidi kwa sentimita 30 kuliko awali. Maana yake ni kwamba maji yakifika alama ya mita 1.00 kwenye ubao mpya, kina chake halisi kwa kiwango cha zamani ni mita 1.30. Kazi iliyotakiwa ilikuwa ndogo: kuongeza 0.30.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuugusa uga wa sifuri moja kwa moja kutoka kifurushi cha mafuriko, kwa kuandika m.sifuri = 0.30. Kompaila ilikataa. Uga huo huanza kwa herufi ndogo, na katika Go jina linaloanza kwa herufi ndogo halionekani nje ya kifurushi chake. Hadi hapo, lugha ilikuwa imefanya kazi yake ipasavyo.

Jaribio la pili ndilo lililoharibu. Mwandishi aliongeza uga wenye jina hilohilo katika muundo wa nje:

    type KituoKipya struct {
        kituo.Kipimo
        sifuri float64
    }

Msimbo ukakubaliwa bila onyo. Sababu imo katika kanuni ambayo wengi huipita haraka: majina mawili yasiyo wazi, hata yakiandikwa kwa herufi zilezile, ni majina tofauti iwapo yako katika vifurushi tofauti. Kwa hiyo sifuri ya mafuriko na sifuri ya kituo ni nyuga mbili zisizohusiana kabisa. Ile ya nje ilipata thamani 0.30, na ile ya ndani, ambayo ndiyo inayoingia katika hesabu, ikabaki 0. Hakuna iliyoifunika nyingine, kwa sababu hazikuwahi kukutana.

Baada ya kuona kwamba kina hakijabadilika, mwandishi alifuata mazoea ya Java na kukiandika upya kitendo:

    func (m *KituoKipya) Kina() float64 {
        return m.Kipimo.Kina() + m.sifuri
    }

Akaita m.Kina() kwa usomaji wa mita 1.00. Jibu likaja 1.30. Akaridhika, akaifunga kompyuta, na jedwali la mitiririko likatolewa.

Jedwali hilo halikuwa sahihi. Kitendo cha Mtiririko kilipandishwa kutoka ndani, na mpokeaji wake ni Kipimo. Ndani ya mwili wake kuna k.Kina(), na k hapo ni Kipimo, hivyo Kina kinachoitwa ni kile cha zamani kisichojua habari ya ubao kuhamishwa. Katika Java, kitendo kilichoandikwa upya na mtoto kingeitwa hata kutoka ndani ya kitendo cha mzazi. Go haina mzazi, kwa hiyo haina cha kurudi chini. Kwa usomaji wa mita 1.00, programu ilitoa mtiririko wa mita za ujazo 4.2 kwa sekunde. Thamani sahihi kwa mlinganyo huohuo ni 4.2 mara 1.30 kwa kipeo cha 1.6, yaani takribani mita za ujazo 6.4 kwa sekunde. Mtiririko halisi ulizidi ulioandikwa kwa zaidi ya nusu yake.

Jambo la kuzingatia hapa si ukubwa wa kosa peke yake. Safu mbili za jedwali moja zilikuwa zikipingana, safu ya kina ikiwa sahihi na safu ya mtiririko ikiwa na makosa, na kila safu ilionekana yenye mantiki ikitazamwa peke yake. Mkaguzi wa kawaida hukagua kina, kwa kuwa ndicho kinachoweza kulinganishwa na daftari. Hakagui kipeo.

5.0 Mpaka wa faragha ni kifurushi

Katika lugha za klasi, uga binafsi huwa mali ya klasi: vitendo vya klasi hiyo huufikia, na vya klasi nyingine haviufikii. Go haina mpaka wa namna hiyo. Mpaka wake ni kifurushi. Msimbo wowote ndani ya kifurushi cha kituo, uwe ni kitendo cha Kipimo, kitendo cha aina nyingine, au utaratibu usiofungamana na aina yoyote, unaweza kusoma na kubadilisha uga wa sifuri. Muundo mwingine ulioandikwa ndani ya kituo na kukipachika Kipimo ungeweza kuandika m.sifuri bila tatizo, kwa kuwa upandishaji huhusu nyuga zote, zilizo wazi na zisizo wazi; kinachozuia kutoka nje ni mwonekano wa jina, si upandishaji wenyewe.

Wahakiki wengine wanaona huu ni udhaifu. Wanadai kwamba kifurushi kikikua, kila mtu ndani yake anaweza kuharibu kila kitu. Mwandishi hakubaliani nao moja kwa moja. Watu wanaoandika kifurushi kimoja kwa kawaida ni haohao, wanaosoma msimbo wa wenzao na kuupima pamoja. Ukuta kati yao hulinda kidogo na huzuia mengi. Hata hivyo, hoja yao ina uzito pale kifurushi kinapogeuzwa kuwa ghala la kila kitu. Katika programu hii, toleo la kwanza kabisa lilikuwa na kifurushi kimoja chenye mvua, mito, na taarifa za watumiaji kwa pamoja, na wakati huo faragha ya uga wa sifuri ilikuwa ya jina tu.

Upachikaji una hatari nyingine inayohusiana na mpaka huu. Kupachika ni kutangaza hadharani. Kila kitendo kilicho wazi cha muundo wa ndani huwa kitendo cha wazi cha muundo wa nje, hata kile ambacho mwenye muundo wa nje hakukusudia kukitoa. Mfano unaojulikana sana ni wa kufuli ya maktaba ya kawaida, sync.Mutex. Mtu akiipachika katika muundo wake ili kuzuia shughuli mbili zisiandike kwa wakati mmoja, anakuwa amempa kila mtumiaji wa muundo huo uwezo wa kuifunga na kuifungua kufuli apendavyo. Tiba yake ni kuipa kufuli jina la uga linaloanza kwa herufi ndogo, yaani kutopachika.

Ifahamike pia kwamba faragha katika lugha hii si usiri. Maktaba ya fmt, inapotakiwa kuchapisha muundo mzima, huchapisha hata nyuga zisizo wazi. Anayehifadhi nywila katika uga wa herufi ndogo akidhani ameificha ataikuta katika kumbukumbu za seva.

6.0 Herufi kubwa na hati isiyo nayo

Alama ya uwazi katika Go ni herufi ya kwanza ya jina kuwa kubwa. Hakuna neno la pekee linaloandikwa kutangaza faragha. Uamuzi huu huonekana mwepesi hadi mtu anapokumbuka kwamba si kila hati ina herufi kubwa na ndogo. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hati ya Kilatini kutawala, na hati hiyo haina tofauti hiyo. Lugha ya Go inakubali majina yaliyoandikwa kwa herufi zozote za Yunikodi, hivyo jina la uga kwa hati ya Kiarabu linakubalika, lakini kwa kuwa herufi yake ya kwanza haihesabiwi kuwa kubwa, uga huo utakuwa binafsi daima. Anayetaka kuufanya uwe wazi hulazimika kutanguliza herufi kubwa ya hati nyingine. Wachina na Wajapani wanakabiliwa na tatizo hilohilo.

Kwa Kiswahili cha hati ya Kilatini tatizo ni la aina nyingine, nalo ni la mazoea. Wanafunzi wanaoandika programu kwa majina ya Kiswahili huyaandika kwa herufi ndogo, kwa kuwa nomino za kawaida haziandikwi kwa herufi kubwa. Matokeo yake yanaonekana data zinapoanza kusafiri.

7.0 Nyuga zilizopotea njiani

Maktaba ya kawaida ya Go inayogeuza miundo kuwa maandishi ya JSON huzipita nyuga zisizo wazi bila kutoa kosa lolote. Kipimo cha sehemu ya 3.0 kikigeuzwa, jina la mto litaandikwa, ilhali usomaji na sifuri havitaonekana. Upande wa pili, maandishi hayo yakirudishwa kuwa muundo, nyuga zilizokosekana hupata thamani ya chaguo-msingi, ambayo kwa namba ni 0.

Katika fani nyingine, safu nzima ya sifuri ingemshtua mtu. Katika kumbukumbu za vijito ni tofauti. Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya vuli, kijito kinaweza kukauka kwelikweli, na 0 ikawa ni habari. Mwandishi alipoyajaribu mawasiliano ya programu kwa mara ya kwanza ilikuwa ni wakati wa namna hiyo, na alizipokea sifuri hizo bila wasiwasi kwa siku kadhaa. Kilichomzindua ni usomaji wa mto mkubwa, ambao hakuna mkazi yeyote wa Morogoro angekubali kwamba umekauka.

Suluhisho la haraka ni kubadilisha usomaji kuwa Usomaji, na ndilo ambalo wengi hulichukua. Mwandishi analiona kuwa baya. Linaondoa ulinzi wa uga kwa sababu tu ya haja ya usafirishaji, na kuanzia hapo msimbo wowote unaweza kuibadilisha tarakimu ya daftarini. Njia iliyo salama zaidi ni kuandika muundo wa pili ulio wazi kwa ajili ya safari tu, na kitendo ndani ya kifurushi cha kituo kinachonakili thamani kutoka wa kwanza kwenda wa pili. Maandishi yanakuwa marefu kidogo. Aidha, namba iliyokosekana inaweza kuwakilishwa kwa kielekezi kisichoelekeza popote badala ya 0, ili kijito kilichokauka na kijito kisichosomwa visifanane tena.

8.0 Marekebisho

Kosa la mtiririko lina tiba mbili, na mwandishi alizijaribu zote. Ya kwanza ni kuutoa mlinganyo nje ya Kipimo na kuufanya utegemee kiolesura:

    type Mpimaji interface {
        Kina() float64
    }

    func KadiriaMtiririko(p Mpimaji) float64 {
        return 4.2 * math.Pow(p.Kina(), 1.6)
    }

Aina yoyote yenye kitendo cha Kina inatosheleza kiolesura hiki bila kutangaza kwamba inakitosheleza. Ukiupeleka KituoKipya, Kina kitakachoitwa ni kile cha nje, na jibu litakuwa 6.4. Hapa ndipo Go inaporuhusu tabia ambayo mtu wa Java aliitafuta mahali pasipo pake: uchaguzi wa kitendo wakati wa utekelezaji hupitia kiolesura, haupitii upachikaji. Ni lazima pia kitendo cha zamani cha Mtiririko kifutwe katika Kipimo, kwani kikibaki kitaendelea kupandishwa, na siku moja mtu atakiita.

Tiba hii ni sahihi kiprogramu, lakini haikutosha kwa upande wa mito. Marekebisho ya 0.30 yanahusu masomo ya baada ya ubao kuhamishwa. Ya kabla yake yanapaswa kubaki na 0. KituoKipya kilikuwa kikiongeza 0.30 kwa kila somo bila kuangalia tarehe. Swali halikuwa tena namna ya kukifunika kitendo, bali ni nani mwenye mamlaka juu ya sifuri ya ubao. Jibu, likitazamwa kwa macho ya mtaalamu wa maji, ni kituo chenyewe: sifuri ni sehemu ya historia ya kituo, kama ilivyo tarehe ya kuanzishwa kwake. Kwa maana hiyo, kompaila ilipokataa m.sifuri = 0.30 katika jaribio la kwanza, ilikuwa ikisema jambo la kweli kuhusu mto, na mwandishi akalizunguka.

Katika toleo linalotumika sasa, muundo wa KituoKipya haupo. Uga wa sifuri umekuwa orodha binafsi ya mabadiliko, kila badiliko likiwa na tarehe na kimo, na njia pekee ya kuiongezea kutoka nje ni kitendo kimoja:

    func (k *Kituo) HamishaSifuri(tangu time.Time, kimo float64, sababu string) error

Kitendo hiki hukataa tarehe iliyotangulia badiliko la mwisho, na hukataa sababu iliyo tupu. Masharti yote mawili yamewezekana kwa kuwa orodha ni binafsi. Ingekuwa wazi, yangekuwa maombi. Kina cha somo lolote hukokotolewa kwa sifuri iliyokuwa ikitumika siku ya somo hilo, na mtiririko hukokotolewa kutokana na kina hicho. Upachikaji umebaki mahali pamoja tu, ambapo mahali pa kijiografia, yaani latitudo, longitudo na kimo juu ya usawa wa bahari, pamepachikwa katika kituo cha mto na katika kituo cha mvua pia. Huko unafaa, kwa kuwa hakuna kitendo cha ndani kinachohitaji kumjua aliye nje.

Masomo ya daftarini hayakuwa yamepotea. Msomaji wa ubao aliyaandika kwa kalamu, na pembezoni mwa ukurasa wa siku ubao uliposimikwa upya alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba ubao umepandishwa, na kwa kiasi gani. Jedwali lilikokotolewa upya kutokana na kurasa hizo, na lile la awali likaondolewa.